Urefu wa nguzo pekee hautoshi: Funzo la maisha ya Mikhail Tswett

Yamkini hakuna aliyesoma kemia katika shule zetu za upili ambaye halikumbuki zoezi la wino. Mwalimu hutia tone la wino mweusi katikati ya karatasi ya kuchujia, akaanza kulidondoshea maji au spiriti kidogo kidogo, na mara weusi ule ukaanza kufumuka mbele ya macho ya wanafunzi. Hutokea duara la samawati, likafuatwa na la zambarau, pengine na la manjano. Wanafunzi hushangilia, wakaandika daftarini kwamba mbinu hiyo huitwa kromatografia, kengele ikalia na somo likaishia hapo.

Ni nadra kumsikia mwalimu akilitaja jina la mtu aliyetupa mbinu hiyo. Ni nadra zaidi kumsikia mwanafunzi akiuliza swali ambalo kwa hakika ndilo kiini cha somo lenyewe: Je, njia ya kupitia ikirefushwa mara mbili, vitu navyo vitatengana vizuri mara mbili? Jibu ni la. Sababu ya jibu hilo, pamoja na maisha ya mtu aliyeanzisha jambo lenyewe, ni mambo ambayo walimu na wanafunzi wetu wangefaidika sana kuyajua, na ndiyo ninayokusudia kuyaeleza leo.

Mtu huyo ni Mikhail Tswett. Alizaliwa tarehe 14 Mei 1872 katika mji mdogo wa Asti nchini Italia. Baba yake, Semyon Tswett, alikuwa Mrusi mwenye wadhifa serikalini, na mama yake, Maria de Dorozza, alikuwa Mwitalia. Wazazi hao walikuwa safarini mtoto alipozaliwa, na haukupita muda mrefu mama akafariki dunia. Kazi ya baba ilimlazimu kurudi Urusi, kwa hivyo kitoto hicho kiliachwa Uswisi mikononi mwa mlezi. Mikhail akakulia Lausanne na Geneva, akasoma kwa Kifaransa, akapenda milima na mimea ya huko. Alikuwa Mrusi kwa uraia, Mwitalia kwa mama, na Mswisi kwa malezi.

Katika Chuo Kikuu cha Geneva alisoma fizikia, hisabati na sayansi ya mimea, na mwaka wa 1896 akatunukiwa shahada ya udaktari kwa utafiti kuhusu chembe hai za mimea. Alikuwa na umri wa miaka 24. Mtu wa elimu kama hiyo angetarajia mlango wa chuo chochote umfungukie. Lakini mwaka huo huo baba yake alirejea Urusi, naye kijana akafunga safari kumfuata. Ndipo dhiki zake zilipoanza.

Wahenga walisema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Tswett alikwenda kwao akakuta hapana wa kumtunza. Sheria za vyuo vya Urusi ya wakati huo hazikuitambua shahada ya Geneva. Ili aruhusiwe kufundisha chuoni, alitakiwa aanze upya: apate kwanza shahada ya uzamili ya Urusi, kisha baadaye ya udaktari. Hakulalama hadharani wala hakukata tamaa. Alifanya kazi katika maabara za St. Petersburg, akafundisha somo la mimea katika kozi za wanawake, na mwaka wa 1901 akapata shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Kazan. Mwaka uliofuata alikwenda Warsaw, mji ambao siku hizo ulikuwa chini ya himaya ya Urusi, akaajiriwa kama msaidizi katika maabara ya chuo kikuu. Daktari wa Geneva sasa alikuwa akiwaandalia wengine vifaa.

Ni katika cheo hicho cha chini ndipo alipofanya kazi ambayo jina lake linakumbukwa kwayo.

Swali lililomsumbua lilikuwa jepesi kulitaja, gumu kulijibu. Jani la mti lina rangi gani ndani yake? Mtu wa kawaida atajibu kwamba lina kijani. Wataalamu wa wakati huo walijua kwamba kijani hicho, klorofili, hakimo peke yake. Kimechanganyika na rangi nyingine za manjano. Tatizo lilikuwa kuzitenga bila kuziharibu. Wengi walitumia kemikali kali kuchambua mchanganyiko huo, na kila mmoja akapata jibu tofauti, maana dawa ile ile iliyotumiwa kutenga ndiyo iliyokuwa ikizigeuza rangi zenyewe kuwa kitu kingine.

Tswett aliona jambo ambalo wengine walilipita. Ukiyasaga majani na kuyatia ndani ya etha ya petroli, maji hayo hutoka na rangi ya manjano tu, ya karotini. Kijani hubaki katika majani. Mtu angedhani basi kwamba klorofili haiyeyuki katika etha ya petroli. Lakini ukiongeza alkoholi kidogo, klorofili hutoka. Na ukishaitoa kwa njia hiyo, unaweza kuiyeyusha katika etha ya petroli bila shida yoyote. Iwapo inayeyuka, kwa nini mara ya kwanza ilikataa kutoka? Tswett alihitimisha kwamba ilikuwa imenata juu ya uso wa nyuzi na vipande vidogo vidogo vya jani, na kwamba etha peke yake haikuwa na nguvu za kuibandua. Ilikuwa kama gundi na ukuta, wala si kama sukari ndani ya chai.

Kutokana na fikira hiyo alijiuliza kama angeweza kuuiga mnato huo nje ya jani. Alijaribu unga wa aina zaidi ya mia moja, mmoja baada ya mwingine. Miongoni mwa zilizomfaa zaidi ilikuwa chaki ya kawaida iliyosagwa laini na kukaushwa barabara. Akaishindilia ndani ya neli nyembamba ya kioo mpaka ikawa nguzo nyeupe ya sentimita chache tu. Akamimina juu yake maji ya rangi ya majani, kisha akafuatisha kiyeyushi kitupu, akaacha kishuke polepole.

Kila rangi iliinata chaki kwa kiasi chake. Iliyonata kidogo iliteremka upesi na iliyonata sana ilibaki nyuma. Hivyo kwenye nguzo nyeupe ikatokea mikanda iliyopangana: karotini ikatangulia chini, kisha manjano ya aina nyingine, kisha kijani chenye samawati, na juu yake kijani chenye manjano. Ilibainika wazi kwamba klorofili si moja bali ni mbili. Nguzo ilipokwisha kukauka, Tswett aliisukuma nje ya neli, akaikata kwa kisu mkanda kwa mkanda, na kuosha kila mkanda kwa alkoholi ili apate rangi yake ikiwa peke yake, haikuharibika.

Aliuelezea uvumbuzi huo kwa mara ya kwanza tarehe 21 Machi 1903, katika mkutano wa chama cha wanasayansi wa viumbe cha Warsaw. Mwaka wa 1906 alichapisha makala mbili katika jarida la wataalamu wa mimea wa Ujerumani, na humo akaipa mbinu yake jina la kromatografia, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya rangi na kuandika. Jambo la kuchekesha ni kwamba jina lake mwenyewe, Tswett, kwa Kirusi maana yake ni rangi. Kwa hivyo neno hilo laweza kusomwa kama maandishi ya rangi, au kama maandishi ya Tswett.

Katika makala hizo alisisitiza mambo mawili ambayo msomaji nakusihi uyakumbuke, maana nitayarejelea. Kwanza, alieleza kwamba mbinu hii haihusu rangi pekee. Hata vitu visivyo na rangi vingeweza kutengwa kwa kanuni ile ile. Pili, alishughulika mno na jinsi nguzo inavyojazwa. Chaki lazima iwe kavu, laini, na ishindiliwe sawasawa pasipo nyufa wala mashimo. Penye ufa maji hukimbilia hapo, mkanda ukapinda na rangi zikaingiliana. Nguzo fupi iliyojazwa vyema ilimpa alichotaka. Nguzo iliyojazwa ovyo, hata ingekuwa ndefu vipi, ingemharibia kazi.

Mwaka wa 1907 alisafiri hadi Berlin, akawaonyesha wataalamu wa mimea wa Ujerumani neli zake na mikanda yake kwa macho yao. Mwaka wa 1910 alitoa kitabu kikubwa kuhusu rangi za mimea na wanyama, na kwa kitabu hicho akapata hatimaye shahada ya udaktari ya Urusi, miaka 14 baada ya ile ya Geneva. Mwaka wa 1911 kitabu hicho kilimpatia tuzo ya Akademia ya Sayansi ya Urusi.

Hata hivyo, wakubwa wa kemia hawakumkubali. Leon Marchlewski wa Kraków, aliyekuwa bingwa wa kemia ya klorofili, alimpinga vikali, akishikilia kwamba kuchuja maji kwenye unga si ushahidi wa kutosha wa kemia. Tswett naye hakuwa mtu wa kunyamaza. Alijibu kwa ukali katika majarida, na ukali huo haukumwongezea marafiki. Zaidi ya yote, yeye alikuwa mtaalamu wa mimea, tena msaidizi wa maabara katika mji wa pembezoni, akiwaambia wanakemia kwamba hawajui walicho nacho ndani ya chupa zao.

Mtu aliyekuwa na uwezo wa kuinua mbinu hiyo alikuwa Mjerumani Richard Willstätter, ambaye baadaye, mwaka wa 1915, alipata Tuzo ya Nobel kwa utafiti wake kuhusu rangi za mimea. Willstätter hakukipuuza kitabu cha Tswett. Alikifanyia tafsiri ya Kijerumani kwa matumizi yake mwenyewe. Lakini yeye na wenzake walipoijaribu mbinu hiyo, klorofili iliharibika. Walikuwa wametumia unga mkali mno, wakaacha ule mpole ambao Tswett alikuwa ameutafuta kwa majaribio mengi. Wakahitimisha kwamba kosa ni la mbinu. Neno la mtu wa hadhi kama hiyo lilitosha kuwafanya wanakemia wengi wa Ulaya wasijishughulishe kuijaribu tena.

Hapa ndipo ninapowaomba walimu watulie kidogo. Willstätter hakuwa mtu mbaya wala mjinga. Alikuwa miongoni mwa wanakemia hodari kupita wote wa zama zake. Kosa lake ni lile ambalo sisi sote hulifanya: aliichukua kazi ya mtu, akaifanya kinyume na maagizo ya mwenyewe, kisha akaihukumu. Ni mara ngapi tumeisahihisha kazi ya mwanafunzi kwa wino mwekundu kabla hatujaifuata njia aliyoipita mpaka mwisho?

Vita Vikuu vya Kwanza vilimfukuza Tswett kutoka Warsaw. Wajerumani walipouteka mji huo mwaka wa 1915, chuo alichofundisha kilihamishiwa Urusi, kwanza Moscow, kisha Nizhny Novgorod. Mwaka wa 1917 alipata kwa mara ya kwanza cheo kamili cha uprofesa, huko Yuryev, mji unaoitwa leo Tartu nchini Estonia. Hata mwaka haukutimia vizuri. Wajerumani waliingia huko pia mwaka wa 1918, na chuo cha Kirusi kikahamishiwa Voronezh. Mwaka huo huo jina lake lilipendekezwa kwa Tuzo ya Nobel ya Kemia, lakini hakuipata. Alikuwa mgonjwa tayari, na nchi ilikuwa imezama katika njaa na vita vya wenyewe kwa wenyewe. Tarehe 26 Juni 1919 Mikhail Tswett alifariki dunia mjini Voronezh akiwa na umri wa miaka 47.

Kwa muda wa miaka kumi na zaidi baada ya kifo chake, mbinu yake ilijulikana na watafiti wachache tu waliotawanyika huku na huko. Iliinuka tena mwaka wa 1931 katika mji wa Heidelberg, katika maabara ya Richard Kuhn, ambaye alikuwa amefunzwa na Willstätter mwenyewe. Kijana mmoja wa maabara hiyo, Edgar Lederer, alitaka kutenga rangi za manjano zilizokuwa zikifanana mno. Akapewa aisome ile tafsiri ya Kijerumani ambayo Willstätter alikuwa ameifanyiza. Alifuata maagizo ya Tswett, akashindilia unga ndani ya neli, na rangi zikatengana. Tafsiri ya aliyeikataa mbinu ndiyo iliyoihifadhi mpaka ikapata wa kuitumia.

Tangu hapo ilienea upesi, na ndipo swali la urefu wa nguzo lilipopata jibu la hesabu. Waliolijibu ni Waingereza wawili, Archer Martin na Richard Synge, waliokuwa wakifanya utafiti wa sufu mjini Leeds. Sufu ni protini. Protini ni mnyororo mrefu wa vipande vinavyoitwa asidi amino, na wao walitaka kuivunjavunja sufu na kujua ina asidi amino gani na kwa kiasi gani. Vipande hivyo havina rangi na vinakaribiana sana kwa tabia. Ni jambo lile lile ambalo Tswett alilibashiri mwaka wa 1906. Mwaka wa 1941 walichapisha makala iliyoeleza nguzo kwa namna mpya, na mwaka wa 1952 wakatunukiwa Tuzo ya Nobel.

Walisema tuifikirie nguzo kama sahani nyingi nyembamba zilizopangwa moja juu ya nyingine, na katika kila sahani kitu kinachopita hupata nafasi moja ya kuamua kinate au kiendelee. Sahani zikiwa nyingi, vitu hupata nafasi nyingi za kutofautiana. Nguzo ikiwa ndefu, sahani huongezeka. Kufikia hapo, mtu angedhani kwamba dawa ni kurefusha tu.

Lakini tuchukue mfano wa barabara. Tuseme madarasa mawili yanatoka shuleni kwa miguu kuelekea mjini, darasa moja likitembea kwa wastani upesi kidogo kuliko jingine. Kadiri njia inavyokuwa ndefu ndivyo madarasa hayo yanavyoachana. Hata hivyo, ndani ya kila darasa wapo wanaokwenda mbio sasa na kupumzika baadaye, wapo wanaosimama kufunga kamba za viatu, kwa hivyo kila darasa nalo huzidi kutawanyika njiani. Hesabu huonyesha kwamba njia ikiongezwa mara nne, pengo kati ya madarasa huwa mara nne, na mtawanyiko wa kila darasa huwa mara mbili. Faida halisi ya kutengana kwao ni mara mbili tu. Ndivyo ilivyo kwa nguzo. Ukitaka itenge vizuri mara mbili, huna budi kuirefusha mara nne. Na ukiirefusha mara mbili, unapata faida ya takriban asilimia 41 tu. Wakati huo huo, muda wa kungojea huongezeka kwa kipimo kile kile cha urefu, na shinikizo la kusukuma maji ndani yake vilevile.

Ndiyo maana watafiti waliofuata hawakukimbilia urefu peke yake. Walijiuliza kwanza ni nini kinachofanya kila mkanda utawanyike. Wakapata sababu ambazo Tswett angezitambua mara moja: njia zisizo sawa kati ya chembe za unga, kitu kutapakaa chenyewe kikikaa mno njiani, na uzito wa kuingia na kutoka kwenye chembe. Chembe zikiwa ndogo, za ukubwa mmoja, na zimepangwa sawasawa, kila sahani huwa nyembamba zaidi, na nguzo fupi ikafanya kazi ya ndefu.

Mfano bora wa hekima hiyo ulitolewa New York na Stanford Moore na William Stein. Mwaka wa 1958, pamoja na mwenzao, walieleza mashine ya kupima asidi amino za protini iliyovunjwavunjwa. Mashine hiyo ilikuwa na nguzo mbili. Moja ilikuwa na urefu wa sentimita 150, kwa ajili ya zile asidi amino zinazofanana mno na zinazohitaji njia ndefu ili ziachane. Nyingine ilikuwa ya sentimita 15 tu, kwa ajili ya chache zinazonata kwa nguvu, ambazo zingepitishwa kwenye nguzo ndefu zingechukua muda mrefu kupita kiasi bila faida. Urefu ulitolewa kwa kadiri ya haja. Mwaka wa 1972 wawili hao nao walipata Tuzo ya Nobel.

Siku hizi protini haivunjwi mpaka asidi amino moja moja kila mara. Aghalabu hukatwa kwa kimeng'enya kiitwacho tripsini, kinachokata mnyororo kila baada ya asidi amino mbili maalumu, lisini na aginini. Vipande vinavyopatikana huitwa peptidi. Hapo pia suala la urefu hujitokeza kwa namna ya kufunza. Protini nzima, ikitiwa kwenye nguzo za kisasa, hunata mpaka kiyeyushi kifikie ukali fulani, kisha ikabanduka na kuondoka karibu mara moja. Kwa hivyo sentimita chache za nguzo hutosha, na kuongeza nyingine hakuleti faida kubwa. Peptidi ni ndogo, huingiliana na nguzo kwa muda mrefu zaidi, nazo hufaidika na nguzo ya sentimita 15 au 25. Wanaochambua maelfu ya peptidi kwa pamoja hufikia hata sentimita 50. Lakini hata hao hujua sharti moja: ukirefusha nguzo, urefushe pia muda wa kubadilisha ukali wa kiyeyushi. Nguzo ndefu inayoharakishwa hupoteza sehemu kubwa ya faida ya urefu wake.

Huenda msomaji akauliza haya yatuhusu nini sisi. Yatuhusu sana. Mwaka wa 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia hapa Kenya, alichapisha utafiti wa Afrika Mashariki ulioonyesha kwamba hali ya selimundu imeenea palipo na malaria kali, kama vile Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, kwa sababu mwenye kurithi hali hiyo kwa mzazi mmoja hukingwa kwa kiasi dhidi ya malaria. Mwaka wa 1956 mtafiti Vernon Ingram wa Cambridge aliikata himoglobini ya mgonjwa kwa tripsini, akazitenga peptidi zake kwenye karatasi, kwa umeme upande mmoja na kwa kromatografia upande wa pili. Kati ya madoa yote yaliyotokea, ni moja tu lililohama mahali pake. Alipolichunguza, ilidhihirika kwamba asidi amino moja tu ilikuwa imebadilika. Jirani zetu na wanafunzi wetu wanaoumwa na viungo kila baridi ikiingia wanateseka kwa tofauti hiyo moja, na ilionekana kwa sababu vipande vilitengwa kwa uangalifu. Leo nguzo za kromatografia ni miongoni mwa vifaa vinavyotumika hospitalini kuitambua himoglobini hiyo kwa watoto wachanga.

Sasa nirudi shuleni. Kuna imani iliyoota mizizi miongoni mwetu kwamba mwanafunzi akishindwa, dawa ni kuongeza saa. Masomo ya alfajiri, masomo ya usiku, masomo ya Jumamosi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 ilikataza masomo ya ziada wakati wa likizo, na bado wapo wazazi na walimu wanaoiona kuwa kikwazo. Sikatai kwamba muda ni muhimu. Sentimita 150 za Moore na Stein zilikuwa na kazi yake. Lakini kuongeza saa juu ya mafunzo yaliyopangwa ovyo ni kurefusha nguzo yenye nyufa. Saa huongezeka mara nne, uchovu nao mara nne, na faida isifike hata mara mbili. Mwalimu mwenye dakika 40 zilizoandaliwa sawasawa, anayejua ni mwanafunzi yupi anahitaji njia ndefu na yupi anahitaji fupi, atafanya zaidi ya hapo.

Wanafunzi nao wajifunze kwa Tswett subira ya namna nyingine. Alinyimwa haki ya shahada yake, akaanza upya. Hakupewa maabara kubwa, akatumia chaki na neli ya kioo. Alipopingwa, hakubadilisha alichokiona kwa macho yake ili apendwe. Hakuishi kuiona mbinu yake ikienea duniani, na hatuna sababu ya kuyafanya mateso yake kuwa jambo zuri. Ilikuwa hasara kwake na kwa sayansi pia.

Mara nyingine mwalimu atakapolitia tone la wino kwenye karatasi, namwomba alitaje jina la Mikhail Tswett, kisha awaachie wanafunzi swali la urefu. Wakate karatasi za marefu mbalimbali, wapime wenyewe umbali kati ya rangi na upana wa kila rangi, na waandike walichokiona hata kama hakilingani na walichotarajia.